Mtoto wa Mwisho wa Courvilly

Siku tatu kabla ya sikukuu ya stroberi, Odile Marchandeau aliitoa ile kofia sandukuni, akaikung'uta dirishani, akaikagua uzi kwa uzi kuona kama nondo wameitoboa. Alikuwa anawaombea nondo riziki njema. Lakini wapi! Marehemu mama yake aliifuma kwa sufu ya kondoo wa kweli, na nondo wa Courvilly, kwa adabu zao, hawakuigusa.

Ilikuwa kofia ya mtoto mchanga. Nyeupe, yenye masikio mawili ya kuziba upepo, na utepe wa waridi wa kufungia chini ya kidevu. Ila ilifumwa kwa kipimo cha kichwa cha mtu mzima, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa na miaka sitini na miwili, wajukuu watatu na goti moja bovu.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa Februari mwaka 1963, barafu imefunga barabara zote, mama yake Odile alijifungua ghorofani, juu ya duka la nyama, katikati ya mji wa Courvilly. Mwezi uliofuata Montbrel, mji mkubwa wa jirani, ukafungua hospitali yenye wodi ya wazazi, na tangu hapo wanawake wote wa Courvilly wakawa wanakwenda kuzalia huko. Watoto walirudi nyumbani wakiwa na siku nne, wanono, wazuri, lakini vyeti vyao vimeandikwa Montbrel. Kwenye daftari la vizazi la Courvilly jina la Odile likabaki chini kabisa, na chini yake karatasi nyeupe.

Na mila ya Courvilly haina huruma. Jumapili ya pili ya Juni, aliyezaliwa wa mwisho mjini huvishwa kofia, hupandishwa kwenye mkokoteni uliojaa maua, akasukumwa na wazimamoto kutoka kanisani hadi uwanja wa stesheni, bendi ikimfuata nyuma. Wakifika, meya humfunga kitambaa kifuani na kumlisha kijiko cha kwanza cha stroberi zilizopondwa na krimu. Zamani, watoto walipokuwa wanazaliwa kila mwezi, mtu alipanda mara moja tu maishani na hata hakukumbuka. Odile alikumbuka. Alipokuwa na miaka saba alijiona malkia. Alipokuwa na kumi na tisa alikataa, akaenda zake baharini na kijana mwenye pikipiki, na Jumatatu yake mvua ya mawe ikayapiga mashamba yote ya stroberi, haikubakia hata moja ya kutia mdomoni. Hakuna aliyesema ni kosa lake. Hakuna aliyesema si kosa lake. Mwaka uliofuata alipanda mkokoteni mwenyewe, bila kuitwa.

"Mmoja tu," alikuwa akimwambia Mungu wake kila anapopiga pasi. "Mwanamke mmoja tu ajisahau azalie hapa mjini. Hata kwenye maegesho ya magari. Mimi nishuke kwenye ule mkokoteni."

Kazi yake ilikuwa kuuza tiketi katika stesheni ya Courvilly–Les Aubrets, nusu saa kutoka Paris, na stesheni hiyo aliijua kama mtu ajuavyo meno yake kwa ulimi. Dirisha lake lilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alitunza ufunguo wa choo, uliofungwa kwenye kiatu cha mbao ili abiria wasiondoke nao. Kabati la vitu vilivyosahaulika. Kibanda cha picha ambacho kilikata watu paji la uso. Na lifti iliyokuwa ikimngoja fundi tangu Pasaka. Treni za Paris zilisimama njia ya kwanza, mbele ya dirisha lake. Treni za Montbrel zilisimama njia ya pili, ng'ambo, na ng'ambo ilikuwa nchi nyingine.

Maana mpaka wa miji miwili, Courvilly na Les Aubrets, ulipita katikati ya reli. Stesheni ilipojengwa, mwaka 1863, Courvilly waliitaka iwe na jina lao, na Les Aubrets vilevile. Wakakubaliana: siku ya ufunguzi, meya atakayetangulia kufika, mji wake ndio utajwe kwanza. Meya wa Les Aubrets aliamka na jogoo, akakata mashamba kwa miguu, buti mkononi. Kufika, akamkuta mwenzake wa Courvilly anateremka kwenye treni ya kwanza kabisa, ametulia, biri mdomoni. Alikuwa ameondoka tangu jana yake akalale Paris. Watu wa Courvilly waliita akili. Watu wa Les Aubrets waliita wizi, na wanaita hivyo hadi leo. Hata njia ya kuvukia chini ya reli ilipochimbwa, kila mji ulitia vigae vyake, ukutani na sakafuni: vya buluu kutoka Courvilly, vya manjano kutoka Les Aubrets, vikakutana katikati kwenye mstari ulionyooka kama uzi wa mwashi.

Kwenye upande wa manjano, juu, karibu na banda la baiskeli, Barthélemy Coudrin aliuza kahawa kwenye gari dogo la magurudumu matatu. Alikuwa mgane wa miaka sitini na sita, mtu wa Les Aubrets toka utosini mpaka kwenye unyayo. Kila asubuhi alivuka kumletea Odile kikombe dirishani, na kila asubuhi ya Juni kikombe kilikuja na maneno yake.

"Mtoto ameamkaje? Amenyonya?"

"Toka hapa, mzee wa vikombe."

"Meno yameota?"

"Yote. Lete kidole uone."

"Jumapili nitakuja na nepi ya akiba, mwanangu. Usione haya, mimi nimelea."

Alhamisi hiyo, saa nne kasoro robo, abiria wa asubuhi wamekwisha na wa mchana bado, Odile alikuwa anapanga miavuli kwenye kabati aliposikia sauti kutoka chini ya ngazi. Haikuwa kelele. Ilikuwa "Loo!" moja ndefu, ya mtu aliyemwagikiwa maji. Akafunga dirisha, akateremka upesi kadiri goti lilivyomruhusu.

Anaëlle Quintard, mwalimu wa chekechea ya Courvilly, alikuwa amesimama katikati ya njia ya chini, begi mkononi, amejiegemeza ukutani na tumbo lake mbele kama mtu aliyebeba ngoma. Miguuni pake kulikuwa na dimbwi.

"Bi Odile," alisema, "nilidhani nina muda. Mume wangu alisema nichukue teksi. Nikamwambia, kwani treni hadi Montbrel si dakika kumi na moja?"

"Kumi na mbili," Odile alimsahihisha kwa mazoea. Kisha akaona uso wa yule binti ukibadilika, na mikono ikitafuta pa kushika. "Eh! Kaa chini, mwanangu, kaa! Barthélemy! Wewe Barthélemy!"

Barthélemy alikuja mbio akiwa na birika la maji ya moto, maana amesikia kwamba kwenye uzazi hutakiwa maji ya moto, ingawa hajui ya kufanyia nini. Odile akapanda tena, akarudi na kabati zima la vitu vilivyosahaulika: godoro jembamba la mazoezi, makoti mawili ya mvua, mto wa shingo wa wasafiri wa ndege, na skafu ya hariri iliyoachwa na mtu tangu Krismasi. Wakamlaza. Wakapiga namba ya dharura kwa simu ya Barthélemy, wakaitumbukiza kwenye kikombe kitupu ili isikike vizuri, na humo kikombeni akaongea mwanamke mtulivu sana, daktari wa zamu.

"Wazimamoto wapo njiani na gari la wagonjwa," kilisema kikombe. "Dakika kumi na tano. Mama yupo katika hali gani?"

"Anatutukana," alisema Barthélemy.

"Vizuri sana. Uchungu unakuja kila baada ya muda gani?"

Odile akatazama saa yake ya kazi, ambayo haijawahi kukosea hata nusu dakika. "Kila dakika mbili."

"Basi huenda mtoto akawatangulia wazimamoto. Nawe, mama, jiandae kumpokea."

Ndipo Odile akatazama chini, akaona vigae.

Godoro lilikuwa limelala juu ya mpaka. Kichwa cha Anaëlle kilikuwa kwenye buluu. Mabega yapo buluu. Lakini alikuwa akielekea treni ya Montbrel, ndiyo, na alipoketi alisogea mbele. Kiuno na miguu vyote vilikuwa kwenye manjano. Mita moja. Mita moja tu ya godoro, na jina jipya lingeandikwa chini ya jina lake kwenye lile daftari, na Jumapili angesimama pembeni kama binadamu wengine, amevaa kofia ya jua, anapiga makofi.

"Tumsogeze kidogo huku," alisema kwa sauti laini. "Hapo pana upepo."

Akashika ncha ya godoro, akavuta. Godoro likaja kama inchi tatu, kisha likakataa. Upande wa pili Barthélemy alikuwa ameshika ncha yake.

"Upepo gani, Odile?"

"Upepo, si upepo tu! Achia."

"Upepo unatoka kwako. Huku kwetu kumetulia kabisa, hata mshumaa hauzimiki." Akavuta.

"Barthélemy, nitakupiga na kiatu cha choo."

"Mia moja na sitini na miwili, Odile! Mlituibia jina miaka mia moja na sitini na miwili iliyopita, leo mnataka na mtoto!"

Godoro likaenda, likarudi, likaenda, likarudi.

"Nyie wazee mna wazimu?" Anaëlle alipiga kelele. "Mimi nazaa hapa! Nani kawaambia nimekuja kubembea?"

Wakaachia wote wawili, wakaona aibu. Odile akapiga goti zima kando yake, akamfuta jasho kwa skafu, na kwa kuwa uongo hakuuweza vizuri akasema kweli yote: kofia, mkokoteni, kitambaa cha kifuani, kijiko cha stroberi.

Anaëlle alikuwa amehamia Courvilly majira ya baridi tu, sikukuu hakuwahi kuiona. "Subiri," alisema akihema. "Wanakulisha? Wewe?"

"Kijiko kimoja. Meya husema, 'Fungua mdomo, treni inaingia.'"

"Wewe, Bi Odile? Na miwani yako?"

"Miwani huniambia nivue. Eti mtoto havai miwani. Kwa hiyo sioni kijiko kinatokea wapi. Mwaka jana kiliniingia puani."

Jamani, yule binti alicheka! Alicheka mpaka vigae vya buluu na vya manjano vikaitikia. Uchungu ulipokuja alilia na kucheka kwa pamoja, kucha zake zimezama kwenye mkono wa Barthélemy, na Barthélemy naye, mkono unamuuma, akaanza kucheka, na kutoka kikombeni daktari akauliza kwa wasiwasi kulikoni huko.

"Nisogezeni," alisema Anaëlle uchungu ulipopoa. Machozi yalimtiririka. "Nisogezeni huko buluu, bibi wa watu apumzike. Mimi kwangu yote ni sakafu."

Odile hakungoja aambiwe mara ya pili. Alishika godoro kwa mikono miwili. Barthélemy alikunja uso, akatazama dari, lakini hakushika upande wake. Godoro likaanza kuja. Kigae kimoja. Cha pili. Bado vitatu, hivi hivi, unaviona!

"Bi Odile!" Anaëlle alipiga ukelele mwingine kabisa. "Anakuja! Anakuja sasa!"

"Msimsogeze!" kikombe kilifoka. "Aliye karibu, mpokee! Mikono chini ya kichwa, usimvute!"

Mtu akiwa na mikono miwili tu, hawezi kuvuta godoro na kupokea mtoto. Odile aliachia godoro. Alitambaa kwa magoti, lile bovu na lile zima, akavuka mstari, akaingia Les Aubrets bila hata kujua kwamba ameingia, akatega mikono. Na mtoto akatua humo, mzima, mtelezi, mwekundu kama stroberi, akafungua mdomo akaitangazia stesheni yote kuwasili kwake, kwa sauti ambayo kipaza sauti cha njia ya kwanza hakijawahi kuifikia.

"Msichana," alisema Odile. "Saa nne na dakika nne."

"Zélie," alisema mama yake, akinyoosha mikono. "Anaitwa Zélie."

Barthélemy alikaa chini palepale, akajimiminia yale maji ya moto kwenye kikombe kilichokuwa na simu.

Wazimamoto walifika na machela, vifaa na viatu vizito, wakiongozwa na Kapteni Josselin, kijana mwenye mabega kama mlango, ambaye ndiye husukuma ule mkokoteni kila mwaka. Alimkagua mama, akamkagua mtoto, akamfunika vizuri, akasema haijapata kutokea kazi safi kama hii. Nyuma yao, akihema, akateremka Gontran Lescuyer, meya wa Courvilly. Alikuwa bustanini kwake habari ilipomfikia. Alivaa kaptura na viatu vya mpira vyenye matope, na juu yake ule mshipi wa serikali wa rangi tatu ambao mameya huvaa begani, kifua wazi. Mkononi alikuwa na tepu ya kupimia.

"Wapi?" alisema. "Odile, mwanangu, niambie! Wapi?"

Kapteni alitoa fomu na kalamu. "Kweli, nami nahitaji pa kuandika. Mahali alipozaliwa. Bi Odile, wewe ndiye uliyempokea, neno lako ndilo naandika." Akainama karibu, akashusha sauti. "Mimi naona godoro lipo buluu, zaidi ya nusu. Mgongo wangu utashukuru. Wewe si mwepesi, bibi, usikasirike."

"Sema buluu," alinong'ona Anaëlle kutoka kwenye machela, amefumba macho, tabasamu limemjaa. "Mie nimeshasahau."

Odile akamgeukia Barthélemy. Huyu ndiye angepiga kelele, na ana haki. Barthélemy alikuwa anafuta birika lake kwa bidii kubwa.

"Mimi nilikuwa nashughulikia maji," alisema bila kuinua kichwa. "Sikuona kitu."

Basi njia ilikuwa nyeupe. Hakukuwa na wa kumpinga. Neno moja, akaitupe kofia. Odile alifungua mdomo, na macho yake yakaangukia kwa Zélie, aliyekuwa amenyamaza sasa, amefungwa kwenye skafu ya mtu asiyemjua, anautazama ulimwengu kwa jicho moja kana kwamba ameuliza kitu na anangojea jibu. Hana dakika ishirini duniani. Na jambo la kwanza la kuandikwa juu yake, ambalo atalijaza kwenye kila fomu mpaka awe bibi kizee, liwe uongo? Liwe hila nyingine kama ya yule meya wa zamani aliyekwenda kulala Paris?

"Manjano," alisema Odile.

"Nini?" meya aliruka.

"Manjano, Gontran. Vigae vitatu ndani. Ningeweza kukudanganya wewe, lakini huyu hapana, tumeshatazamana. Kapteni, andika Les Aubrets."

Meya alipima hata hivyo. Alipima mara tatu, akiwa amepiga magoti na kaptura yake, na mara zote tatu ilikuwa manjano. Aliposimama alikuwa mtu aliyezeeka.

"Basi," alisema, akikunja tepu. "Jumapili saa tisa, Odile. Uje na kofia."

Kuanzia saa hiyo Les Aubrets hawakulala. Walikuwa hawajaandika mtoto kwenye daftari lao tangu mwaka 1967, na yule wa mwisho alihamia Kanada akiwa na miaka sita, hata salamu haleti. Walipiga kengele ya kanisa mpaka paroko akatoka kuuliza nani amekufa. Ijumaa walitundika bendera kwenye banda la baiskeli. Jumamosi Barthélemy hakuonekana kabisa, na Odile akanywa kahawa ya mashine, mbaya kama dawa ya viatu, akamkosa kwa namna ambayo hakuitarajia.

Jumapili, saa tisa kamili, Odile alipanda mkokoteni. Alivua miwani. Alifunga utepe. Kapteni Josselin na wenzake watatu walikohoa, wakasukuma; bendi ikapiga; watoto wakarusha maua. Wageni walioletwa na treni ya saa nane na nusu walimpiga picha kwa pande zote. Odile alikaa wima, amejitazamia mbele, akihesabu taa za barabarani kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Taa ya kumi na nne ndiyo ya stesheni. Pale meya angekuwa anamngoja na kijiko, na mwakani hivyo, na mwaka wa kesho kutwa hivyo, mpaka siku watakapomzika, na huenda wakamzika na hiyo kofia.

Kwenye taa ya kumi na mbili alisikia ngoma nyingine.

Bila miwani aliona ukungu tu: rangi, watu wengi, kitu kikubwa kinachotembea. Kilikuwa kinapita kwenye daraja la barabara kutoka ng'ambo, kinashuka kuja uwanjani.

"Kapteni, mwanangu, kuna nini kule?"

Mkokoteni ulikuwa unatikisika. Odile aligeuka, akaona kijana wa watu amelalia mpini, anacheka hana pumzi. Akachukua miwani mfukoni, akaivaa, mila na ife.

Ulikuwa mkokoteni wa kubebea vitunguu, umefunikwa karatasi za manjano toka juu hadi chini, unasukumwa na wakulima sita. Kwenye kiti cha jikoni katikati yake aliketi Barthélemy Coudrin. Kichwani alivaa kifuniko cha birika, kile cha kufumwa cha kutunza chai moto, tundu la mdomo wa birika likiwa juu ya sikio lake la kushoto, utepe umefungwa chini ya masharubu. Shingoni alining'iniza kibao: NAIBU WA ZÉLIE.

"Barthélemy!" Odile alipiga kelele. "Wamekufanya nini?"

"Mtoto yupo Montbrel hospitalini mpaka kesho!" Barthélemy alijibu kwa kelele, mkokoteni wake unakuja wayowayo. "Mama yake amekataa kumleta, ana akili zake! Meya wetu akasema miaka hamsini na minane tumengoja mtoto wetu wa kupanda mkokoteni kama ninyi, hatuwezi kukosa Jumapili kwa sababu ya mtu mmoja kulala! Wakapiga kura ya nani alikuwepo alipozaliwa!"

"Na wa kwenu ulikuwepo peke yako!"

"Nilishinda kwa kishindo!"

"Amenyonya?" Odile aliuliza.

"Maziwa na konyaki kidogo!"

"Meno je?"

"Lete kidole!"

Hapo Odile akashindwa. Kicheko kilimtoka tumboni, kikampanda, kikamtoa machozi, kofia ikamteremkia jicho moja. Miaka sitini na miwili amepanda ule mkokoteni, na hakuwahi kuwa na mtu wa kucheka naye humo juu. Waliocheka walikuwa chini siku zote. Alicheka mpaka akashika ubao asianguke.

Sasa miji miwili ikawa imekutana uwanjani, na nafasi mbele ya mlango wa stesheni ni ya mkokoteni mmoja. Meya Lescuyer akanyoosha kijiko chake, akasema Courvilly hutangulia, imeandikwa hata kwenye ukuta wa stesheni. Meya wa Les Aubrets, mwanamke mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, akasema leo wataona nani alilala Paris. Bendi zikaanza kupiga nyimbo mbili tofauti, kila moja ikijitahidi kuifunika nyingine.

Odile akainama kwa Kapteni.

"Mwanangu, mgongo unauma?"

"Hapana, Bi Odile."

"Basi sukuma."

"Polepole?"

"Nimekwambia polepole?"

Wazimamoto wanne wa Courvilly hawakuhitaji zaidi. Mkokoteni uliruka kama umeumwa na nyuki. Wakulima sita wa Les Aubrets wakaona, wakapiga ukelele, wakainamisha vichwa, nao wakaja. Maua yalimwagika, karatasi za manjano zikapeperuka, meya mmoja akarukia kando na mwingine akamrukia yeye, stroberi zote za kijikoni zikaishia kwenye mshipi wa serikali. Barthélemy alikuwa ameshikilia kiti kwa mikono miwili huku akipiga kelele, "Breki! Hiki cha vitunguu hakina breki!" na Odile alikuwa amesimama, naam, amesimama wima, goti zima na goti bovu, anapunga mkono na kuimba wimbo usio wa bendi yoyote kati ya zile mbili.

Wakaufikia mlango sawasawa, magurudumu kwa magurudumu, wakakwama humo pamoja, mikokoteni miwili kwenye mlango mmoja, hawaendi mbele wala hawarudi nyuma.

Hapo mwanamke mmoja mgeni, mwenye sanduku la magurudumu na jasho usoni, aliminya mwili wake kati ya ukuta na mkokoteni. Alimtazama Barthélemy na kifuniko chake cha birika, akaamua kwamba huyu hafai kuulizwa. Akamgeukia Odile.

"Samahani, bibi. Treni ya Paris inapita njia ya ngapi?"

"Njia ya kwanza, hapa mbele yako, binti," alisema Odile, akisukuma kofia nyuma asome saa yake. "Saa tisa na dakika arobaini na mbili. Umebakiwa na dakika mbili, kaa behewa la mbele. Na ukitaka choo, ufunguo upo kwa mtoto."